Mkono juu ya toazi: kisa cha mpiga dramu na mwalimu wa kwaya

Jumapili ya Meza ya Bwana, kanisa moja mjini Mwanza, watu kama 300. Wazee wanapita na trei za vikombe vidogo. Wimbo ni "Mwamba wenye imara", ule wa Tenzi za Rohoni ambao nusu ya waliokaa pale hawahitaji kitabu kuuimba. Beti mbili za kwanza zinakwenda salama: kinanda kimeshika, dramu inagusa tu, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Kuingia ubeti wa tatu, dada anayeongoza sifa anainua mkono wa kulia. Mpiga dramu anazungusha tomu zote, anatua kwenye toazi kubwa, na wimbo unaachana na hesabu ya tatu, unaingia kwenye ya nne, sebene, ule mwendo wa kuchezesha wa muziki wa Kikongo. Vijana wa viti vya nyuma wameshasimama. Besi inafuata, maana besi haina pa kukimbilia. Kinanda kinang'ang'ania tatu kwa muda kidogo, kisha kinanyamaza. Bibi mmoja, kikombe kiko mkononi, anatazama mbele, hajui anywe au asubiri.

Mwalimu wa kwaya anapunga mkono kuashiria washushe. Anapunga tena. Halafu anatoka kwenye nafasi yake, anapanda ngazi za madhabahuni, na kulishika lile toazi kwa kiganja.

Toazi likishikwa hufa papo hapo. Kijana akaweka fimbo zake juu ya snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akatoka kwa mlango wa pembeni. Jumapili mbili zilizofuata hakuonekana.

Mimi niliitwa baada ya hapo. Nimepiga dramu makanisani miaka 14 na sasa nafundisha watoto, kwa hiyo mchungaji aliniomba nikae nao kwenye mazoezi nimwambie tatizo liko wapi. Kwenye simu aliliita "tofauti za kimuziki". Nilikaa nao wiki sita. Majina nimeyaacha, na mambo mawili matatu ambayo yangewatambulisha nimeyabadili. Msomaji ajue pia kwamba mwamuzi hapa si mtu wa kati: mimi ni mpiga dramu, na toazi lililoshikwa mbele za watu linaniuma hata kama si langu.

Kabla ya seti kuja

Kanisa lile liliimba miaka mingi kwa tumba mbili, kayamba na kinanda. Ridhimu ilitoka ndani ya kinanda chenyewe: unachagua staili, unabonyeza, ngoma ya mashine inaanza, nawe unabadilisha kodi, yaani sauti zinazobonyezwa pamoja, kwa mkono wa kushoto. Makanisa mengi yetu yamelelewa na zile staili, na mtu asizidharau; zimeimbisha watu waliookoka, waliooana na waliozikwa. Ubaya wake ni mmoja, kwamba mashine haimsikilizi mtu.

Baadaye vijana wakachangishana, wakanunua seti ya dramu ya vipande vitano iliyokwishatumika. Mpigaji akawa kijana mmoja wa miaka 24, fundi wa simu, aliyejifunza kwa ndoo na viti vya plastiki, kisha kwa kutazama wapigaji wa Kikongo kwenye simu usiku kucha. Ana mikono. Nasema hivi kama mwalimu: mguu wake wa kulia unajua unachofanya, na mkono wa kushoto haumfuati ovyo mkono wa kulia, jambo ambalo wanafunzi wangu wengi hulitafuta miaka miwili.

Ila hakuna aliyezima staili ya kinanda. Mazoezi ya kwanza niliyohudhuria nilidhani masikio yangu yamechoka. Kulikuwa na snea mbili. Moja ya kijana, nyingine inatoka kwenye spika, imepishana naye kidogo kama mtu anayetembea na kivuli chake. Nikamuuliza mpiga kinanda, "Kaka, hiyo staili huizimi?" Akasema mwalimu alimwambia aiache iwe "ya kumshikia kijana mwendo". Kijana naye aliisikia kwa mbali, akawa anapiga kwa nguvu zaidi ili aifunike. Mwalimu akisikia nguvu ile, anasema kijana anapiga kelele. Hapo tayari una ugomvi kamili, na hakuna aliyekwisha kutaja ladha wala ubunifu.

Walivyosimulia

Mwalimu nilimfuata nyumbani kwake. Ana miaka 58, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anasoma solfa, zile noti za do-re-mi, kama wengine wanavyosoma gazeti. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba, karibu, wewe ndiye fundi wa ngoma?" Alizungumza kwa utulivu hadi tulipofika kwenye ile Jumapili. "Yule kijana ana kipaji, simnyimi. Lakini ana kiburi. Nimempungia mara mbili, amenitazama, ameendelea. Pale mezani watu wanakumbuka mauti ya Bwana, yeye anachezesha."

Kijana nilimkuta kibandani kwake, bisibisi mkononi. "Kaka, sikumwona. Naapa sikumwona. Nilimwona dada tu, kainua mkono, nikajua anataka tupande." Akafungua simu ya mteja, akaifunga tena. "Halafu Mwalimu anataka nipige kama ile mashine. Sasa kama anaitaka mashine si anayo?"

Dada kiongozi wa sifa ndiye aliyenishtua. Nilipomwuliza kuhusu ule mkono alifikiri kidogo, akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mimi nilikuwa naabudu," akasema.

Timu hii haikuwa na ishara walizokubaliana. Mkono juu ulikuwa na maana tatu kwa wakati mmoja: pandisha, rudia, na "Bwana ninakuinua". Anayeimba hajui nyuma yake kuna mtu anasoma kila kidole chake. Mpiga dramu, kwa jinsi anavyokaa, anaona migongo, visigino na mikono, basi. Akitaka kujua wimbo unaelekea wapi lazima afasiri mwili wa mtu, na mwili wa mtu anayeabudu haujaandikwa kwa ajili yake.

Ningeweza kuishia hapo na kusema walikosa ishara. Ila baadaye, tulipozoeana, kijana aliniambia mwenyewe kwamba ile sebene ya "Mwamba" aliiandaa tangu Jumatano. Aliijaribu peke yake, akaipenda, akawa anasubiri nafasi. Mkono wa dada ulikuwa mlango tu. Yeye alikuwa ameshavaa viatu.

Niliyoyasikia kwenye kigoda chake

Siku ya tatu niliomba nikae mahali pake. Seti ilikuwa imebanwa pembeni kabisa, kati ya ukuta wa matofali na spika kubwa inayotazama watu. Sakafu ni vigae, paa ni bati, dari hakuna. Maiki za waimbaji zote zilitoka kwenye spika za mbele. Nyuma hakukuwa na hata moja ya kusikilizia. Nikampa ishara fundi mitambo waanze.

Nilisikia besi. Nilisikia matoazi yangu mwenyewe. Waimbaji niliwasikia kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Ubeti wa kwanza ulipokwisha sikujua umekwisha. Nilijua kwa kuona waimbaji wamevuta pumzi.

Halafu kuna makofi. Toka kwenye dramu hadi ukuta wa mlangoni ni hatua zinazokaribia mita 24. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo pigo langu linamfikia mtu wa benchi la mwisho baada ya sekunde 0.07, naye akipiga kofi sawasawa kabisa na anavyosikia, kofi lake linanirudia baada ya 0.07 nyingine. Jumla 0.14. Kwa wimbo wa mapigo 105 kwa dakika hiyo ni robo nzima ya pigo. Mpigaji akiwafuata watu wa nyuma, mwendo unalala. Akiwakataa ili asilale, anakimbia. Kijana alikuwa akikimbia. Rekodi ya simu ya mmoja wa waimbaji ilionyesha pambio lililoanza na mapigo kama 104 likaisha karibu na 120, na kila aliyekuwepo siku ile aliamini ni upako.

Simu yangu, ambayo si kipimo cha kuapia, ilionyesha desibeli 100 na kitu pale kwenye kigoda. Taasisi ya Marekani ya afya na usalama kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zinapoongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili. Kwenye 100 zinabaki dakika 15. Sifa za kanisa lile ni dakika 40. Nilimwambia kijana habari hiyo akaniangalia kama nimemwambia asile chumvi. Wiki iliyofuata nikamkuta ameweka pamba masikioni, ambayo haisaidii sana lakini ni mwanzo.

Sikutaka mwalimu anichukulie kama wakili wa kijana, kwa hiyo maneno haya ya kutosikia sikuyasema mapema. Umeme ndio uliyasema. Jumatano ya pili ya mazoezi ulikatika katikati ya wimbo. Kinanda kikafa, besi ikafa, spika kimya. Waimbaji hawakusimama, waliendelea kwa midomo tu, na tumba ikaingia. Kijana kwa mara ya kwanza aliwasikia moja kwa moja, mita mbili mbele yake. Bila kuambiwa na mtu aliachana na matoazi, akageuza fimbo moja akawa anagonga ukingo wa snea, akapiga chini yao. Chini yao hasa, si juu. Waliimba hivyo dakika sita au saba gizani. Mwalimu alikuwa amekaa benchi la mbele. Umeme uliporudi hakusema neno, ila alimwita fundi mitambo akamwuliza, "Huyu kijana huwa anasikia nini pale?"

Sebene na mambo ya zamani

Sasa tuje kwenye tofauti ya kweli, maana ipo, na ishara na spika hazikuimaliza.

Ile ridhimu aliyoiingiza kijana wapigaji wetu huiita kavacha. Mkono unakimbia kwenye snea bila kupumzika, mguu unashika pigo, na mkazo unaanguka mahali ambapo miguu haiwezi kutulia. Iliota mizizi kwenye bendi za vijana wa Kinshasa miaka ya 1970, na bendi inayotajwa kwanza ikizungumzwa ni Zaïko Langa Langa, iliyoanzishwa 1969. Huku kwetu ilifika kwa redio, kwa santuri, na kwa wanamuziki wa Kikongo waliohamia, kama wale wa bendi ya Maquis jijini Dar es Salaam. Makanisani iliingia polepole, kwanza kwenye gitaa la solo la kwaya, mwishoni kwenye dramu.

Kwa kijana huyu kavacha ni kanisa. Amezaliwa ameikuta kwaya zinaicheza. Hajawahi kuisikia mahali pengine akiwa na akili ya kukumbuka. Kwa mwalimu mambo ni mengine, na ilichukua vikombe vitatu vya chai kuyapata. Kabla ya kuokoka alikuwa mtu wa dansi. Kila Jumamosi. Alinitajia kumbi ambazo siku hizi ni maduka ya vifaa vya ujenzi. "Nikiisikia ile snea," aliniambia, "mimi najua saa ngapi na niko wapi. Hapo ni saa sita usiku, pesa ya nyumbani imekwisha." Wakati mkewe anatuwekea chai ya nne hakutaka tuendelee na mazungumzo hayo, na mimi sikuendelea.

Hapo kuna watu wawili wanaosikia pigo moja, na mmoja wao anakumbuka. Huwezi kumwambia mwalimu asikumbuke. Wala huwezi kumlipisha kijana deni la Jumamosi za miaka ya 1980.

Upande wa muziki wenyewe kijana alikuwa na hoja bora kuliko alivyojua kuieleza. "Mwamba wenye imara" unaimbwa kwa tuni ya kigeni, na tuni hiyo inaweka uzito kwenye silabi ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Mwa-mba we-nye i-ma-ra. "Mwamba" na "wenye" zinakaa vizuri. Lakini sisi tukisema "imara" uzito uko kwenye "ma", kama ilivyo kawaida ya Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni inaupeleka kwenye "i" na kwenye "ra". Tumeimba hivyo tangu utoto, hatusikii tena. Kijana alisikia. Alipoupeleka wimbo kwenye nne aliongeza nafasi mwisho wa kila mstari, na snea yake ikatua kwenye "ma". Aliniambia kwa lugha yake: "Kaka, pale maneno yanapumua."

Nilimpelekea mwalimu hoja hii bila kusema imetoka kwa nani. Akaiimba kimyakimya akipiga goti kwa kidole, mara mbili. Akakubali kwamba ni kweli. Kisha akasema jambo ambalo sijapata jibu lake: watu wanaoleta maiti zao hapa, na watoto wao kubatizwa, wameushika wimbo huu hivyo hivyo ulivyopinda, na mtu mwenye kikombe mkononi hatakiwi kushtukizwa. Kama ni kurekebisha, rekebisha Jumatano, waambie, wafundishe, uwarudishie wimbo wao wakiwa wanaujua.

Kwenye hilo niko upande wa mwalimu. Kubuni si kosa. Kubuni juu ya watu wasiojua kinachokuja, tena kwenye Meza ya Bwana, ni kuwavuta mkono. Kwenye kushika toazi niko upande wa kijana, moja kwa moja. Mwalimu angeweza kumwambia mpiga besi anyamaze. Besi ikitoka, sebene haisimami hata vipimo vinne. Angeweza kumwendea dada. Alichagua kitu ambacho kila mtu angekiona.

Kikao cha wazee

Kwenye kikao cha wazee wa kanisa mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Mzee mmoja alifungua 1 Wakorintho 14 penye uzuri na utaratibu. Kijana alikuja amejiandaa, akafungua Zaburi 150 penye matoazi yavumayo. Mzee mwingine akaleta Zaburi ya 33, penye kupiga kwa ustadi, na kila upande ukaichukua kuwa ni yake. Saa nzima ilipita. Toazi lililoshikwa halikutajwa hata mara moja. Maneno kama "heshima", "vijana wa siku hizi" na "huduma si jukwaa" yalitajwa mara nyingi.

Mwishoni waliamua kijana amwombe radhi mwalimu. Aliomba, vizuri tu, mikono nyuma. Mwalimu akapokea. Kisha wakaimba pambio na kufunga kwa sala, nami nikajua halijaisha, kwa sababu kijana alitoka nje bila kuaga mtu.

Kosa langu

Nilileta mashine ya kuhesabu mwendo kwenye simu, kijana aivae kwenye sikio moja. Kwenye mafundisho yangu inafanya kazi. Pale haikufanya. Dada yule haongozi kwa mstari ulionyooka. Katikati ya wimbo atasimama, aombe, aseme neno na mtu mwenye mzigo, arudi kwenye kiitikio polepole kuliko alivyoondoka. Mashine inaendelea kuhesabu kama kwamba hakuna kilichotokea. Jumapili hiyo kijana alikuwa na mwendo sahihi kabisa, na kanisa zima liko kwingine. Aliivua katikati ya ibada akaiweka mfukoni. Nilikuwa nimemletea staili ya kinanda kwa jina jingine, mimi niliyeicheka.

Kilichofanya kazi kilikuwa kidogo na cha bei nafuu. Seti ilitolewa pembeni ikasogezwa mita tatu mbele, ikageuzwa ili mpigaji aone uso wa dada kwa upande. Spika moja ya zamani iliyokuwa stoo ililazwa chini mbele yake, ndani yake sauti za waimbaji tu na kinanda kidogo. Staili ya kinanda ikazimwa dramu inapopigwa, na hili mpiga kinanda alilipokea kwa uchungu kuliko wote, kwani mkono wake wa kushoto ulikuwa haujawahi kufanya kazi ya kweli. Wakakubaliana kwamba mkono juu si ishara ya kitu chochote. Dada akitaka kurudia anachora duara kwa kidole karibu na paja. Akitaka kushusha anafungua kiganja kuelekea chini. Akitaka kupanda anageuka amtazame mpigaji. Kugeuka ndiko kulikokuwa muhimu, maana mtu hageuki kwa bahati mbaya.

Kwa nyimbo za taratibu kijana alitengeneza fimbo zake mwenyewe: vijiti vya mishikaki kama kumi na tano kila upande, vimefungwa kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Za dukani zipo, hutengenezwa kwa namna hiyohiyo, ila hizi zilimgharimu pakiti moja ya vijiti. Zinavunjika kila baada ya Jumapili mbili. Sauti yake ni ya mvua ndogo juu ya makuti.

Lililo zito zaidi lilikuwa nani anamiliki mwendo. Mpaka siku ile kila mmoja aliamini ni wake: mwalimu kwa sababu ni mwalimu, dada kwa sababu ana maiki, mpiga kinanda kwa sababu ana kodi, kijana kwa sababu ana fimbo. Walikubaliana kwenye nyimbo za Tenzi mwendo uwe wa kinanda na mwalimu asimame anapoonekana. Kwenye mapambio uwe wa dramu, na mwalimu, maneno yake mwenyewe, "nitakaa nipige makofi kama mtu mwingine". Jumapili ya kwanza alisimama mara mbili. Ya pili alikaa.

Mchungaji aliongeza uamuzi wake: Meza ya Bwana isiwe na dramu kabisa. Sikubaliani naye na nilimwambia. Kijana ameshaonyesha gizani kwamba anaweza kupiga chini ya waimbaji, na kumwondoa siku hiyo ni kumwambia kwamba usiku ule wa umeme hatukuuona. Mchungaji alinisikiliza, akanishukuru, akabaki na uamuzi wake. Ni kanisa lake.

Nauli

Kuna jambo lililojitokeza wiki ya tano ambalo lingenisaidia kama ningelijua wiki ya kwanza. Zile Jumapili mbili ambazo kijana hakuja, kanisa liliazima mpigaji kutoka mtaa mwingine na kumpa 30,000 kila ibada. Kijana alipiga miaka mitatu pale bila senti. Hata nauli. Fimbo ananunua mwenyewe, ngozi ya snea iliyopasuka Pasaka alinunua mwenyewe. Habari za ile 30,000 alizipata kwa aliyelipwa, ambaye ni rafiki yake na hakuona ubaya wowote kumwambia.

"Sitaki hela, kaka," aliniambia. "Nataka nijue mimi ni nani pale."

Nililipeleka kwa mweka hazina. Akasema ni kweli, akaeleza kwamba mgeni hulipwa kwa sababu ni mgeni na mwenyeji hutumika kwa sababu ni mwenyeji, na nikiwa mkweli ndivyo makanisa mengi niliyopiga yanavyofanya, likiwemo la kwetu. Ajenda iliandikwa: posho ya nauli kwa wapiga vyombo wa kudumu. Kikao kikaahirishwa mara ya kwanza kwa sababu ya msiba, mara ya pili kwa sababu akidi haikutimia.

Radhi ya toazi ilikuja, kwa njia ya pembeni. Jumamosi moja baada ya mazoezi mwalimu alibaki, akaliendea lile toazi, akalifungua nati, akaligeuza akitazama ufa mdogo ukingoni. "Huu ufa ulikuwepo?" Kijana akasema ulikuwepo tangu liliponunuliwa. "Nilidhani ni mimi," mwalimu akasema, akalirudisha, akalikaza zaidi ya inavyotakiwa. Kijana alisubiri hadi mwalimu alipoondoka ndipo akalilegeza. Aliniambia angetaka lisemwe Jumapili, mbele za watu, kama lilivyofanywa mbele za watu. Hajasema hivyo kwa mwalimu na sidhani kama atasema.

Anapiga ibada zote mbili, isipokuwa siku za Meza, ambapo anakaa na waimbaji akiwa na kayamba. "Mwamba wenye imara" ya nne inafundishwa Jumatano kwa kwaya ya vijana, mwalimu akiisimamia, na ameshabadilisha sehemu mbili. Ajenda ya nauli imewekwa kikao kijacho.